Fedha za barabara Migori na Homa Bay: nani huzitangaza, nani huziidhinisha

Nchini Kenya barabara hutangazwa jukwaani, lakini fedha zake hutoka bungeni. Waziri au rais anaweza kutaja kilomita na mabilioni mbele ya umati, na bado isipatikane hata senti moja ya kumlipa mwanakandarasi mpaka wabunge wapitishe makadirio na sheria ya matumizi. Kusini mwa Nyanza pengo hilo kati ya kauli na kura lina historia ndefu. Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na reli haijawahi kufika huko.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, ikaishia Kisumu. Waliokuwa ng'ambo ya ghuba, upande wa kusini, waliunganishwa nayo kwa meli zilizotia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Meli hizo zilikuwa mali ya reli, na tangu 1948 reli na bandari za Afrika Mashariki ziliwekwa chini ya shirika moja ambalo bajeti yake ilijadiliwa katika Baraza Kuu la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki. Mkulima wa pamba wa Karachuonyo aliyesubiri meli gatini alikuwa mbali mno na mjadala huo.

Nchi kavu, barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa mkuu wa wilaya. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa katika miaka ya 1920 yalitoza ushuru na kupitisha matumizi, lakini mwenyekiti wake alikuwa mkuu huyohuyo wa wilaya. Machifu nao waliwatoa watu kwenda kufyeka na kujaza mashimo bila malipo. Aliyetangaza kazi, aliyeidhinisha fedha na aliyezitumia alikuwa mtu mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka.

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikuwapo tangu 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 tena kwa kuteuliwa. Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa mara ya kwanza, na kiti cha Nyanza Kusini kikachukuliwa na Lawrence Oguda. Tangu hapo eneo hilo likawa na mtu wake mwenyewe, aliyepigiwa kura, wa kusimama wakati wa mjadala wa makadirio na kuuliza fedha za barabara zinakwenda wapi.

Baada ya uhuru swali la bungeni likawa ndicho chombo kikuu. Mbunge aliuliza barabara fulani itawekwa lami lini, na waziri akajibu kwamba itafanyiwa kazi fedha zitakapopatikana. Jibu hilo liliridhisha kanuni za Bunge na kumwacha abiria wa Nyatike kwenye tope. Sera nayo haikusaidia. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji wa serikali kwenye sehemu ambazo zingeleta faida kubwa na ya haraka, yaani zile ambazo tayari zilikuwa na reli, lami na mashamba makubwa. Waziri aliyehusika zaidi na waraka huo alikuwa Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, katika Homa Bay ya leo. Chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku mwaka 1969, upinzani bungeni ulizimwa, na Nyanza ya Waluo ikapoteza sauti zake kali zaidi. Kilichobaki kilikuwa tumaini la kuwa na mtu wao barazani mwa mawaziri. Dalmas Otieno, mbunge wa Rongo, alishika wizara ya uchukuzi na mawasiliano katika miaka ya 1990, na Raila Odinga akapewa barabara na ujenzi mwaka 2003. Waziri wa nyumbani ni baraka, ila barabara inayomtegemea mtu hukwama siku anapohamishwa wizara.

Mfano wa barabara iliyojengwa bila hesabu kamili ungali unakumbukwa Mbita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlangobahari mwembamba kati ya Mbita na Rusinga ulijazwa mawe na udongo ili magari yavuke. Watu wa kisiwani walipata njia, lakini maji yaliyokuwa yakipita hapo yakazibwa, yakatuama, na wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi hadi tuta hilo likabadilishwa kwa daraja. Vitabu vya makadirio huonyesha gharama ya mawe. Havina safu ya kuandika gharama ya maji yaliyozuiwa kupita.

Mwaka 1993 ulianzishwa ushuru wa mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara, mwaka 1999 ikaundwa Bodi ya Barabara, na sheria ya 2007 ikazaa mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya zile za mashambani. Sehemu ya ushuru ilianza kugawanywa kwa maeneobunge, na wabunge wakawa na sauti katika kamati zilizochagua barabara za kukarabatiwa. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, nayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 2003. Greda zikaonekana vijijini ambako hazijawahi kuonekana, na hilo si jambo dogo. Lakini mbunge aliyechagua barabara asubuhi alitarajiwa kuikagua jioni, na hapo usimamizi ulidhoofika kwa namna ambayo haijatibiwa hadi leo.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuyatenganisha mambo hayo. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa jukumu la kusimamia mapato na matumizi ya serikali kuu, cha 96 kinaipa Seneti fedha zinazotengewa kaunti, na cha 185 kinalipa bunge la kaunti uangalizi wa serikali ya gavana. Makadirio hufikishwa bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha zinapotolewa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, kisha Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti yake.

Kuna mlango wa pembeni, nao ni kifungu cha 223. Serikali inaruhusiwa kutumia fedha ambazo hazikupitishwa, kisha ikaomba idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe, mradi zisizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo. Kwa njia hiyo ahadi iliyotolewa katikati ya mwaka huweza kuanza kulipwa kabla mbunge yeyote hajaiona kwenye karatasi. Mikopo nayo ina njia yake. Ukarabati wa barabara kuu ya Isebania–Kisii–Ahero, inayopita mjini Migori, ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inaitaka Hazina ya Kitaifa kuliarifu Bunge kuhusu mikopo kila baada ya miezi minne, maana yake taarifa huja wino wa saini ukiwa umekwisha kukauka.

Ugatuzi ulileta mvutano mwingine: barabara ni ya nani? Orodha iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2016 iliziachia kaunti zaidi ya kilomita 121,000 na serikali kuu takriban 40,000. Ushuru wa mafuta, uliopandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, haukufuata mgawanyo huo, na magavana wamegombana na wabunge mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Mwakilishi wadi wa Uriri au Ndhiwa hujikuta akiulizwa na wapigakura kuhusu barabara ambayo bunge lake halina mamlaka nayo.

Katika miaka hii watu wa Homa Bay wameshika funguo nyingi za ukaguzi. Gladys Wanga aliongoza kamati ya fedha ya Bunge la Taifa kabla ya kuwa gavana mwaka 2022. Seneta Moses Kajwang' ameongoza kamati ya Seneti inayowahoji magavana kuhusu hesabu zao. John Mbadi, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini, aliongoza Kamati ya Uhasibu wa Fedha za Umma hadi Agosti 2024, alipohamia Hazina ya Kitaifa kama waziri. Aliyekuwa akiuliza fedha ziko wapi sasa ndiye anayeulizwa.

Mbadi alikuta wanakandarasi wengi wameacha kazi kwa kutolipwa. Chanzo chake kinaonekana kwenye hesabu ndogo tu: barabara ya kilomita 40 ikitengewa kila mwaka fedha za kilomita mbili, itamalizika baada ya miaka 20, na riba ya kucheleweshwa kwa malipo juu yake. Mikataba ilikuwa imetiwa saini bila kura ya kuitosheleza. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya zile 25 ili ipate shilingi bilioni 175 za kulipa madeni hayo, na mitambo ikarudi barabarani. Swali likazuka kama fedha hizo ni deni la umma, na jibu lake lina uzito, kwa sababu deni la umma huhesabiwa chini ya kikomo kilichowekwa na Bunge, ilhali mapato ya ushuru yaliyouzwa mapema huweza kukaa nje yake.

Tarehe 1 Juni mwaka huohuo Siku ya Madaraka iliadhimishwa mjini Homa Bay. Kwa anayetaka kujua hatima ya barabara yoyote iliyotajwa katika sherehe kama hiyo, pa kuanzia ni bango la mradi kando ya njia, ambalo huandikwa jina la mwajiri, mwanakandarasi na mfadhili. Jina la barabara hutafutwa katika makadirio ya mwaka unaofuata, kiasi kilichotengwa hulinganishwa na gharama ya mkataba, kisha ripoti ya Mkaguzi Mkuu huonyesha kilicholipwa na kilichojengwa. Barabara za kaunti hutafutwa katika bajeti zinazopitishwa na mabunge ya Migori na Homa Bay, kaunti ambazo kila moja ina wadi 40.