Maktaba ya hospitali: Ngao ya wahudumu wa afya dhidi ya maarifa yaliyopitwa na wakati

Mgeni anayetembezwa hospitalini huonyeshwa wadi, maabara, chumba cha upasuaji na duka la dawa. Ni nadra kuonyeshwa maktaba. Wengi huichukulia kama chumba cha wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani, ilhali huduma zake huwafaa wagonjwa kama zinavyowafaa wasomaji.

Sababu ni kwamba maarifa ya utabibu huchakaa. Tiba iliyosifiwa jana huenda ikabainika leo kuwa na madhara, na daktari anayetegemea alichofunzwa chuoni pekee hawezi kulijua hilo.

Mfano dhahiri ulitokea papa hapa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi, madaktari walielekezwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haifiki vyema viungoni, aongezewe maji kwa kasi kupitia mshipa. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyiwa zaidi ya watoto 3,000 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, uliichunguza tiba hiyo. Hospitali ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa zilizoshiriki.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliwashangaza wengi. Miongoni mwa watoto walioongezewa maji kwa kasi, takriban 10.5 kati ya kila 100 walifariki katika muda wa saa 48. Katika kundi ambalo halikupewa maji kwa njia hiyo, waliofariki walikuwa takriban 7.3 kati ya kila 100. Watoto waliokuwa wakiharisha na wale wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Kwa hivyo, ni lazima mhudumu asome utafiti wenyewe, wala asitosheke na uvumi kuuhusu.

Kitabu cha mwaka 2005 ambacho bado kimo rafuni hakina habari hizo. Ndiyo maana kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati ni kazi muhimu ya maktaba, sawa na kununua vipya.

Yanayopatikana maktabani

Hazina ya kwanza ni vitabu vya rejea: vya upasuaji, uuguzi, ukunga, famasia na afya ya jamii. Kando yavyo huwekwa miongozo ya Wizara ya Afya, ikiwemo orodha ya dawa muhimu na kijitabu cha kanuni za kuwatibu watoto, ambacho hufanyiwa marekebisho mara kwa mara. Majarida ya kitaaluma nayo, kama vile East African Medical Journal, hubeba tafiti zinazohusu magonjwa na mazingira ya hapa kwetu.

Siku hizi, hata hivyo, sehemu kubwa ya hazina imo mtandaoni. PubMed, inayosimamiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwa wazi kwa umma bila malipo tangu mwaka 1997 na ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Kasoro yake ni kuwa, kwa makala nyingi, msomaji hupata muhtasari tu. Makala kamili huhitaji kulipiwa.

Pengo hilo lilianza kuzibwa Januari 2002, Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) na kampuni sita za uchapishaji zilipozindua mpango wa HINARI. Ulianza na majarida takriban 1,500. Hivi sasa umo chini ya mwavuli wa Research4Life, na huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini nafasi ya kusoma bure au kwa ada nafuu. Anayesajiliwa ni taasisi, wala si mtu binafsi. Aghalabu mkutubi ndiye hutunza nywila na kuwapa wafanyakazi wanaostahiki.

Ipo pia Maktaba ya Cochrane, iliyopewa jina la daktari Archie Cochrane wa Uskoti. Shirika linaloiendesha liliundwa mwaka 1993. Kazi yake ni kukusanya tafiti zote kuhusu swali moja, kuzipima na kutoa hitimisho. Nembo yake inatokana na tafiti kuhusu dawa wanayopewa akina mama wanaokaribia kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Utafiti wa kwanza ulichapishwa mwaka 1972, lakini miaka mingi ilipita kabla ya dawa hiyo kukubalika kwa mapana, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umetawanyika.

Kazi ya mkutubi

Huduma kuu ya mkutubi ni kusaka ushahidi. Humsaidia mhudumu kuligawa swali lake katika sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba inayofikiriwa ni ipi, inalinganishwa na nini, na matokeo yanayotarajiwa ni yapi. Swali likiwa wazi, majibu hupatikana upesi.

Usakaji wa kijuujuu waweza kugharimu maisha. Mwaka 2001, mwanamke kijana mwenye afya njema, aliyejitolea kushiriki utafiti katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alifariki baada ya kuvuta hewani kemikali iitwayo hexamethonium. Baadaye ilibainika kuwa makala za miaka ya 1950 zilikuwa zimetaja madhara yake kwa mapafu, lakini hazikupatikana watafiti walipokuwa wakijiandaa.

Mbali na hayo, mkutubi huagiza makala kutoka maktaba nyingine, huwaarifu wafanyakazi kuhusu machapisho mapya katika fani zao na huwafunza kutumia hifadhi za mtandaoni. Huwaelekeza pia wanaoandika tasnifu jinsi ya kunukuu pasi na wizi wa kitaaluma. Madaktari na wauguzi nchini Kenya hutakiwa kuendeleza masomo ndipo leseni zao zihuishwe, na maktaba huwarahisishia safari hiyo.

Katika baadhi ya hospitali, mkutubi huandamana na madaktari wadini, akayanakili maswali yanayozuka na kurejea na majibu. Utaratibu huo ulianzishwa na Gertrude Lamb nchini Marekani mwaka 1971. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu hospitali za eneo la Rochester, nchini humo, ulionyesha kuwa takriban madaktari 8 kati ya 10 walioulizwa walisema habari walizopewa na maktaba ziliwafanya wabadilishe jambo fulani katika kumhudumia mgonjwa.

Pasipo na maktaba

Vituo vya mashambani navyo vimewahi kufikiriwa. WHO ilibuni sanduku la chuma la rangi ya buluu lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, likapelekwa katika wilaya mbalimbali barani Afrika. Funzo lake lingali na maana: maktaba si lazima iwe jumba. Kabati moja, tarakilishi yenye intaneti, usajili wa taasisi katika HINARI na mfanyakazi mmoja aliyefunzwa kusaka ushahidi vyatosha kuanzia.

Simu na programu za akili unde hazijamwondolea mkutubi kazi. Programu hizo hujibu kwa haraka, lakini wakati mwingine hubuni majina ya makala ambazo hazikuwahi kuandikwa. Ni lazima apatikane wa kuthibitisha kwamba chanzo kipo, ni cha hivi karibuni na kinamhusu mgonjwa aliye kitandani.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mhudumu anayebisha mlango wa maktaba kabla ya kuandika dawa asiyoijua vyema hapotezi muda, bali anamkinga mgonjwa wake.