Ripoti ya Siri

Vijana walioingia katika utumishi baada ya mwaka 2004, ulipoanza mfumo wa wazi wa tathmini uliojulikana kama OPRAS, hawaijui fomu ile. Sisi tuliowahi kuwa wakuu wa vyuo vya ualimu tuliijua sana. Kila mwaka mkuu aliijaza kumhusu mtumishi wake, akaitia katika bahasha na kuituma juu. Mwenyewe hakuona kilichoandikwa. Tuliirithi kwa Mwingereza, pamoja na makabati ya chuma.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeona yote, naye ni mhazili. Wangu alisomea Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Alijua hatimkato na taipu, na alijua pia kwamba kaboni mpya ikitumika mara moja, ukiiinua kwenye mwanga, barua yote inasomeka. Stensili ni vivyo hivyo. Basi kila jioni alizichoma mwenyewe nyuma ya jiko la chuo, akasubiri mpaka yabaki majivu.

Mwaka 1986 niliandika kwamba mkufunzi wetu mmoja ni mlevi. Sikuwahi kumwona akinywa, nilisikia tu. Mhazili alifika katikati ya ukurasa, mashine ikanyamaza.

“Samahani Mkuu, neno hili niliache kama lilivyo?”

Nikamjibu aliache. Akaendelea kuchapa.

Miaka mitano ilipita mkufunzi yule hajapandishwa cheo. Mke wake na mhazili wakichota maji bomba moja, wakisukana nywele. Mhazili hakutamka lolote. Mimi nikimsifu mbele ya watu kwa kutunza siri, na sasa naona aliyekuwa akitunzwa ni mimi. Swali lake lile moja ndilo lililokuwa ndani ya mipaka ya kazi yake, naye alilitumia. Mwenye mamlaka ya kufuta neno nilikuwa mimi.

Baadaye ikajulikana kwamba mtu yule hanywi kabisa. Kule kuyumba na kuropoka kulikuwa ni kwa maradhi ya sukari. Nikaandika barua ya kusahihisha, nayo ya siri, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumwita nimweleze. Alistaafu bila kuambiwa.

Barua hiyo aliichapa mhazili yule yule. Safari hii hakuuliza kitu. Alitoa nakala moja ya jalada, na jioni nikauona moshi nyuma ya jiko.