Kabla ya "Mbwa Kali" Kulikuwa na Mbwa Mwenye Adabu

Wiki iliyopita niliposti klipu fupi sana. Mimi na Simba, Labrador wangu wa miezi 14, tunashuka njia ya kwetu hapa Manga asubuhi. Kamba imelegea. Mama mmoja anakuja na ndoo kichwani, Simba anakaa chini kando ya ua, mama anapita. Basi, hakuna kingine.

Komenti sasa! "Huyo ni mbwa ama kondoo?" "Mwizi akija si atampea mguu?" Na ile iliyopata like nyingi kushinda zote: "Kufundisha mbwa adabu ni mambo ya wazungu." Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu si kweli.

Wacha nianze na sokoro wangu. Yeye alisimuliwa na babake habari za ebisarate, zile kambi za ng'ombe ambako vijana wa Abagusii waliishi wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi. Mbwa, yaani esese, alikuwa huko pia. Sokoro husema mbwa aliyebwekea kila mtu hakuwa na maana, kwa sababu usiku ukifika hungejua kama amesikia adui ama ndama amekohoa tu. Mbwa wa maana alijua watu wa kambi, hakufukuza ndama, na akiitwa alirudi. Mchokozi hakukaa siku nyingi. Ukiangalia vizuri, huo ni mtihani wa adabu, ila hakuna aliyepewa cheti.

Halafu historia ikageuka. Waingereza walitushambulia mwaka wa 1905, wakarudi tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote. Miaka michache baadaye wakapiga ebisarate marufuku, maana waliona kambi za vijana wenye mikuki kuwa hatari. Ng'ombe wakarudi nyumbani, na mbwa naye akarudi bila kazi yake ya zamani. Vijana wetu wakaenda kuchuma majani chai Kericho na kufanya kazi kwenye nyumba za Nairobi. Huko wakakuta mbwa mwingine kabisa, wa nyuma ya geti, na kibao kimeandikwa "Mbwa Kali".

Sisemi mkoloni ndiye aliyeleta mbwa wa kuuma. Mbwa huuma popote. Ninachosema ni kwamba tuliiga kibao bila kuwa na geti. Nairobi mbwa mkali ana ukuta. Sisi tuna ua wa miti na njia ya watu inayopita mlangoni. Kwa sensa ya 2019, Nyamira ina zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita moja ya mraba, na kwa jirani zetu wa Kisii ni zaidi ya 900. Hapa mbwa hawezi kutoka bila kukutana na mtoto wa shule. Kwa hivyo tunafanya nini? Tunamfunga mnyororo mchana kutwa, tunamfungulia usiku, halafu tunashangaa akichanganyikiwa.

Mimi naongea nikiwa na alama mguuni. Nilipokuwa darasa la tano, mbwa wa namna hiyo aliniuma nikitoka dukani. Sikumchokoza. Nilichokumbuka zaidi si meno, ni zile safari za kudungwa sindano, na mama akihesabu nauli. Kichaa cha mbwa si hadithi. Kenya kimejulikana tangu 1912, na ulimwenguni karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Yule mbwa wa jirani alipigwa mawe hadi akafa jioni hiyo hiyo. Nilifurahi wakati huo. Siku hizi nikikumbuka sifurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha binadamu ni nini.

Sasa huyu Labrador. Watu hudhani ni mbwa wa sofa. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kule Kanada, waliokuwa wakivuta nyavu na kurudisha samaki kwenye maji baridi. Waingereza wakampeleka kwao, wakamtumia kuokota ndege waliopigwa risasi, na 1903 klabu yao ya mbwa ikamtambua rasmi. Ni mbwa wa kazi, wa kushirikiana na mtu. Usipompa kazi, atajitafutia.

Na alijitafutia. Akiwa na miezi minane, Simba alimrukia mtoto wa jirani aliyebeba mayai. Hakumuuma, alikuwa anasalimia. Mayai yote yakavunjika, mtoto akalia, na jirani hakutusalimia mwezi mzima. Mama akaniambia, "Akimrukia mtoto wa mtu tena, huyo mbwa anaondoka." Na mama hasemi kitu mara mbili.

Ndiyo nikatafuta ule mtihani wa Wamarekani ulioanza 1989, wenye hatua 10. Mkaguzi wa kutoa cheti sina hapa Manga, lakini orodha si siri. Mbwa akubali mgeni amkaribie. Akae atulie akipapaswa. Atembee bila kuvuta kamba. Apite kwenye watu wengi. Akae, alale, angoje. Aje akiitwa. Akutane na mbwa mwingine bila fujo. Asishtuke na kelele. Akae dakika 3 na mtu mwingine wewe ukiwa hauonekani.

Tulianza na vipande vidogo vya maini na dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Kila akiruka, nilimgeuzia mgongo. Kila makalio yakigusa chini, kipande. Kelele tulifanyia stejini ya bodaboda, umati tukaenda siku ya soko tukiwa mbali, kisha tukasogea kidogo kidogo. Hatua 9 anazijua. Ile ya dakika 3 bado ananiangusha, analia kama mtoto wa nasari.

Na mwizi je? Usiku mtu akigusa mlango, Simba anabweka, na sisi tunaamka kwa sababu mchana hakubweka ovyo. Sokoro alicheka aliposikia. "Mochokoro, hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Unajua nani alikuwa "mgeni" wetu wa mazoezi Jumamosi? Yule mtoto wa mayai. Alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akasimama mbali. Simba akakaa. Mtoto akasogea, akamgusa kichwa kwa kidole kimoja, akakimbia akicheka. Babake alikuwa kwenye ua akiangalia. Akaniinulia mkono.

Hicho ndicho cheti nilichokuwa nataka. Mchanje mbwa wako kila mwaka, mfungue mnyororo, mfundishe kukaa. Samaki mkunje angali mbichi. Na niambie kwenye komenti: mbwa wa kwenu anajua jina lake, ama anajua mnyororo tu?