Kutu na Udongo

Nina sanduku la bati lililojaa picha za vitu vilivyochakaa. Nilianza kuzipiga mwaka 1994, nilipopata kamera ya mtumba, na kila mkanda wa picha 36 niliutumia kwa uchoyo kama chumvi ya safarini. Wenzangu walipiga picha za harusi na kipaimara wakalipwa. Mimi nilikwenda karibu na stesheni ya Tabora nikapiga behewa bovu, vyuma vilivyoliwa na kutu, mlango uliobaki na bawaba moja. Nilipoulizwa sababu, nilijibu kwamba kutu ni mwandishi wa historia. Jibu hilo lilinipendeza sana, nikalirudia kwa miaka bila kulichunguza.

Kwa mtu mwenye tamaa ya namna hiyo, Tabora ni mahali pa neema. Hapa ndipo Unyanyembe, kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapa palipoitwa Kazeh, walipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Reli ya Wajerumani iliwasili mwaka 1912, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Waliilaza juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa mti wa kawaida katika ardhi hii ni chakula cha mchwa. Ndiyo maana mpiga picha wa kutu hakosi kazi.

Nilikwenda pia Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alipoondoka mwezi Machi kurudi pwani, mzee huyo alibaki akisubiri wapagazi, akawasubiri hadi Agosti. Nilipiga kuta zile kwa heshima kubwa. Baadaye nikaambiwa kwamba nyumba ile ilijengwa upya katika karne ya ishirini, kwa kuwa ile ya kwanza ilikwisha bomoka. Nilijiona nimedanganywa. Sikujiuliza ni kwa nini ilihitaji kujengwa upya.

Jibu la swali hilo nililipata kwa mjomba wangu, Oktoba 1997. Alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei, akiishi peke yake katika tembe alilojenga mwenyewe. Msomaji asiyelijua tembe aelewe hivi: ni nyumba ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, la magogo na fito zilizofunikwa udongo mzito. Kila mwaka kabla ya masika, watu hupanda juu, wakaziba nyufa, wakaongeza udongo na kuushindilia. Tembe likiachwa misimu miwili au mitatu, maji hupata njia. Wanawe walikuwa Dar es Salaam, na magoti yake hayakupanda tena ngazi.

Ukuta wa magharibi ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, na jua la jioni liliingia katika ufa ule kama upanga. Nikatoa kamera. Mzee akanitazama kimya, kisha akasema:

"Mpwa wangu, ukuta huu umesimama miaka arobaini, hukuupiga picha. Leo unaanguka ndiyo umekuwa mzuri?"

Nilicheka. Nikamwahidi kwamba nitarudi na vijana wawili kabla ya mvua, turekebishe paa.

Jioni ile alinisimulia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani, mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na alilipwa kwa nguo. Alirudi na merikani, kitambaa ambacho jina lake linataja kilikotoka. Pembe nazo nyingi zilivuka bahari hadi Marekani, ambako katika viwanda vya jimbo la Connecticut zilichongwa kuwa vibao vya piano. Katikati ya piano na kitambaa lilikuwapo bega la mtu. Njia hiyohiyo ilipitisha na watu waliofungwa minyororo, ambao hawakulipwa kitu.

"Begani alikuwa na sugu kama jiwe," mjomba alisema. "Sisi watoto tulikuwa tunaigusa."

Niliandika maneno hayo, lakini sikuyafikiri. Mkanda ulikuwa umebaki picha nne, nami nilikuwa naziwekea ukuta.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka mvua ya El Niño. Ilianza mapema ikakataa kukoma. Ahadi yangu niliisukuma wiki hadi wiki, kwa kuwa fedha za vijana nilikwisha nunulia mikanda miwili. Januari 1998 paa lilianguka usiku. Mzee aliponea chumba cha pili, akatolewa na majirani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ule ufa niliupiga picha.

Picha yenyewe ilitoka safi kuliko zote. Fundi aliyeisafisha aliitundika dukani kwake, na watu waliisifu. Nilikwenda nikaiomba nikaiweka sandukuni.

Tangu hapo nimeshindwa kurudia lile jibu langu la zamani. Kutu huandika, lakini huandika habari za wenye chuma. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani kutoka ngome ya udongo na magogo, na Januari 1893, ilipovunjwa, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Udongo ule umerudi ardhini. Hata reli haikuwapumzisha wapagazi kwa muda mrefu: vita vilipofika, maelfu walilazimishwa tena kubeba mizigo ya majeshi, na Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916 wakiwa na mabega ya Waafrika nyuma yao. Kutu ya mpagazi ilikuwa ile sugu, nayo ilizikwa pamoja naye. Kamera yangu isingeikuta hata ningeishi miaka mia.

Kilichoifikisha sugu ile kwangu ni mzee aliyeketi chini ya paa lililohitaji kushindiliwa. Nami nilikuwa na mikono miwili mizima.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda na wale vijana bila kamera. Tulisimamisha chumba kimoja. Mjomba aliketi chini ya mwembe akituelekeza, na kila tulipokosea alitukana kwa Kinyamwezi. Aliishi humo miaka mitano. Katika miaka hiyo nilimuuliza habari za babu yake, safari hii nikiwa na daftari, na majina aliyoyataja nimeyaandika nyuma ya picha ya ule ufa.

Chumba kile bado kipo, kimeezekwa bati na wanawe. Mwaka jana niliona bati limeanza kushika kutu pembeni, rangi ya chungwa, nzuri kwa kweli. Nilipiga picha moja. Kisha nikaazima ngazi nikalipaka rangi.