Jamhuri

Katika mahakama za Tanzania Bara, kesi ya jinai huitwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Aliyeibiwa au kupigwa hugeuka shahidi tu, na wengi hulishangaa jambo hilo wakifika mahakamani. Mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeisemea ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka azingatie haki na maslahi ya umma, bila kuingiliwa na mtu. Polisi hupeleleza, yeye hupima ushahidi. Akisema hana nia ya kuendelea, shauri huondolewa hata kama mlalamikaji analitaka. Nchini Kenya, Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inamlazimu mkurugenzi wa huko kwanza aombe ruhusa ya mahakama. Naiunga mkono njia hiyo: aliyeumizwa angalau atasikia sababu zikitolewa hadharani.