Makazi Yaliyofukiwa na Kipimo cha Sumaku: Funzo la Unguja Ukuu kwa Chukwani

Historia ya makazi ya pwani ya Unguja imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa kufuata mawe. Huko Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe, mtafiti hukutana kwanza na magofu ya kasri la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Nyumba za fito, udongo na makuti, zilizokaliwa na watu wengi zaidi, haziachi magofu. Kutoonekana kwa makazi hayo kumechukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba hayakuwapo.

Unguja Ukuu, kusini zaidi katika kisiwa hichohicho, inadhihirisha udhaifu wa dhana hiyo. Tasnifu ya Abdurahman Juma, iliyochapishwa Uppsala mwaka 2004, ilionesha kwa ushahidi wa uchimbaji kwamba hapo palikuwa na mji wa biashara katika milenia ya kwanza. Hata hivyo, mashimo ya uchimbaji hufunua sehemu ndogo tu ya mji. Mpangilio wake ulishughulikiwa na Tom Fitton na Stephanie Wynne-Jones, waliochapisha matokeo ya upimaji wa sumaku katika jarida la Antiquity mwaka 2017.

Msingi wa mbinu hiyo ni kwamba udongo wenye madini ya chuma ukiungua kisha ukapoa, huhifadhi usumaku. Kwa hiyo jiko, tanuru la mhunzi na ukuta wa udongo ulioteketea huacha alama ambazo magnetometa huzisoma bila ardhi kuchimbwa. Mtaro uliojaa majivu na taka za nyumbani nao hutofautiana na udongo unaouzunguka. Ndivyo mpaka wa ua uliotoweka unavyoweza kuchorwa upya.

Mbinu hii ina mipaka. Ramani ya sumaku huonesha mahali pa kuchimba, lakini umri wa kilichomo huthibitishwa kwa vigae na kaboni. Aidha, misumari na mabati ya leo hutoa ishara kali zinazofunika zile za kale.

Mpaka huo wa pili ndio unaolifanya suala la Chukwani kuwa la haraka. Eneo hilo sasa lina jengo la Baraza la Wawakilishi na nyumba mpya. Msingi ukishachimbwa na nondo zikishawekwa, ushahidi huharibika au hufichika. Kwa hiyo viwanja vilivyo wazi vinapaswa kupimwa kabla ya ujenzi. Vinginevyo Chukwani itaendelea kujulikana kwa mwenye kasri peke yake.