Jina la Kutukanwa ni Mali ya Nani?

Mwanzoni mwa kazi yangu ya utangazaji niliwahi kusoma hewani habari iliyoanza na maneno "Wamang'ati wa Hanang". Ilikuwa habari fupi ya malisho, haikuzidi dakika moja, nami niliridhika kwamba nimeisoma vizuri. Majuma mawili baadaye nilikuwa mnadani Katesh na kinasa sauti changu begani, nikimtafuta mzee mmoja niliyeelekezwa kwamba anazijua habari za kale. Nilimkuta kasimama chini ya mti, kaegemea fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba." Akaniuliza jina langu, kazi yangu na kwetu. Nikajibu yote matatu. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Basi mwanangu, wewe ndiye uliyetuita maadui redioni."

Sikumwelewa, naye akanifafanulia bila hasira. Mang'ati si neno la Kidatooga. Ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Wamasai na Wadatooga walipigana sana katika karne ya 19, na mtu aliye vitani hakosei akimwita mwenzake adui. Lakini wageni waliokuja baadaye walilipokea jina hilo kwa Wamasai wakaliandika katika vitabu na ramani, likahamia maofisini, likaingia magazetini. Leo mtu wa Dar es Salaam anayesema "Mang'ati" kwa mzaha hajui kwamba anaendeleza vita ambavyo si vyake.

Aibu yangu ilikuwa maradufu, maana mimi ni Mwiraqw wa Dongobesh. Watu wa kwetu huitwa Wambulu, lakini sisi wenyewe twajiita Wairaqw, na mwandishi akiandika "Wairaki" msomaji hudhani habari imetoka Baghdad. Nimelilalamikia jambo hilo tangu nikiwa chuoni nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Hata hivyo jina la jirani yangu nililisoma bila kujiuliza. Hali kadhalika wenzetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao kwa miaka mingi wameandikwa Watindiga. Kila mmoja wetu hapa Mbulu na Hanang ana jina alilopewa na mwingine.

Habari hii imenirudia kwa sababu ya kijana mmoja mwanamuziki kutoka Katesh aliyenitembelea studio. Ana bendi ya watu wanne, na alitaka kuipa jina la Mang'ati. "Wametutania kwa jina hili miaka yote," akaniambia, "mimi nataka walicheze." Swali lake lilikuwa moja: je, akilipeleka jina hilo kwa msajili wa alama za biashara, litakubaliwa?

Nilimwambia asubiri nimsimulie kisa cha mpiga gitaa wa besi wa Marekani aitwaye Simon Tam.

Mwaka 2006, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Tam alianzisha bendi ya vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia. Akaiita The Slants. Neno hilo maana yake ya kawaida ni mshazari, lakini lina maana nyingine, nayo ni tusi: hutumiwa kuwadhihaki watu wa Asia kwa umbo la macho yao. Tam alilichagua akijua. Nia yake ilikuwa kuwanyang'anya watukanaji silaha yao na kuifanya pambo.

Bendi ilipopata jina, ikataka kuliandikisha. Tam aliomba kwanza mwaka 2010, ofisi ya serikali inayosimamia alama za biashara ikamkatalia. Sababu ilikuwa kifungu cha sheria ya mwaka 1946, maarufu kwa jina la Lanham, kilichokataza kuandikisha alama inayodhalilisha watu, taasisi, imani au nembo za taifa. Tam akapeleka barua za viongozi wa jumuiya za Waasia na maoni ya wajuzi wa lugha kuonyesha kwamba wanaodaiwa kudhalilishwa hawakulalamika. Hazikufua dafu. Mwaka 2011 akaomba upya, safari hii bila kutaja popote asili ya wanamuziki wake, akakataliwa tena.

Hapa ndipo kinaya kilipo. Ofisi ilitazama watu wa bendi ile ni akina nani na jinsi wanavyojitangaza, ikahitimisha kwamba neno lile kwao ni tusi. Kwa maneno mengine, neno hilo hilo mdomoni mwa mtu asiye Mwasia lingeweza kupita kama mshazari tu, lakini mdomoni mwa Mwasia likawa kosa. Serikali ilikuwa inawakinga watu dhidi yao wenyewe.

Yafaa nieleze kidogo maana ya kuandikisha alama, kwa kuwa wengi huichanganya na hakimiliki. Hakimiliki hulinda wimbo wenyewe. Alama ya biashara hulinda jina au nembo ambayo kwayo mnunuzi humtambua mwenye bidhaa au huduma. Aliyekataliwa kuandikishwa hakatazwi kulitumia jina lake. The Slants waliendelea kupiga muziki na kuuza kanda na fulana. Lakini hana nguvu kamili ya sheria ya kumzuia tapeli atakayelitumia jina hilo hilo katika ukumbi wa pili. Kwa bendi ndogo, jina ndiyo mali yenyewe.

Tam akaenda mahakamani. Mwaka 2015 jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa lilimkatalia, kisha mahakama hiyo hiyo ikalisikiliza shauri upya kwa jopo kamili, na mwezi Desemba mwaka ule ule majaji tisa kati ya kumi na wawili wakampa ushindi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 19 Juni 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli ya majaji wote wanane walioshiriki kwamba kifungu kile kinakiuka uhuru wa kusema, ambao umo katika Katiba yao tangu mwaka 1791.

Serikali ilijitetea kwamba alama iliyoandikishwa na serikali ni kauli ya serikali, nayo ina haki ya kuchagua inachosema. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, aliikataa hoja hiyo. Alama zilizoandikishwa ni nyingi mno na nyingine zinapingana. Kama zote ni kauli ya serikali, basi serikali hiyo haijui inachosema. Akashikilia kwamba kauli haiwezi kuzuiwa kwa sababu tu inawaudhi watu.

Msomaji asidhani kwamba kila mtu alishangilia. Si Waasia wote wa Marekani waliomwunga mkono Tam, na baadhi ya jumuiya za walionyanyaswa zilisimama upande wa serikali. Hofu yao ilikuwa na msingi. Wakati huo Wamarekani asilia, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, walikuwa wamepigana miaka mingi na timu ya mpira wa Kimarekani ya Washington iliyojiita Redskins, yaani wenye ngozi nyekundu. Mwaka 2014 walifanikiwa alama za timu hiyo zifutwe kwa kifungu kile kile. Ushindi wa Tam ukaizima kesi yao. Mlango aliofunguliwa mnyonge ajiite atakavyo, tajiri naye alipita humo humo na tusi lake kwa mnyonge mwingine.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwezi Julai mwaka 2020, baada ya wadhamini wakubwa kama FedEx kuishinikiza, timu ile ililiacha jina lake yenyewe, na mwaka 2022 ikajiita Commanders. Kilichoshindikana mahakamani kilifanywa na umma na mfuko wa fedha. Nalo ni somo: si kila neno baya linahitaji askari, mengine yanahitaji watu wanaokataa kulinunua.

Tukirudi nyumbani, mwaka huo huo wa 2017 sisi nasi tulikuwa na shauri letu la mwanamuziki. Mwezi Machi, Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Siku moja baadaye Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi tulifurahi, nami nikiwamo. Lakini linganisha. Tam alipewa haki yake kwa hukumu yenye sababu, ambayo mwanamuziki wa kesho ataishika mkononi. Nay wa Mitego aliachiwa kwa kauli ya mkubwa. Huruma ni kitu chema, lakini haiachi maandishi; mwezi Novemba 2018 Baraza lile lile liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mjadala ukaanza upya kama vile hapakuwa na jana.

Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Wakati huo huo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, inayotumika Tanzania Bara, haikubali alama inayokwenda kinyume cha sheria au maadili. Maadili ya nani, na nani ayapime? Ofisa wa BRELA aliyeketi Dar es Salaam akiletewa jina la Mang'ati, amuulize nani? Akifungua vitabu atalikuta kama jina la kabila tu. Akimuuliza Mmasai atapata jibu moja, na kwa Mdatooga atapata jingine.

Wadatooga wanajua vizuri uzito wa kuulizwa na sheria "wewe ni nani". Wanakijiji wa Mulbadaw waliposhitaki shirika la umma la NAFCO kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano ya Basotu, Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai wote ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu waliozaliwa chini ya mlima Hanang walitakiwa kuleta ushahidi wa uenyeji wao. Kwa watu hao, jina lililoandikwa na mwingine linaweza kugharimu shamba.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Simpendi ofisa anayemkataza mtu kujiita jina lake mwenyewe kwa madai ya kumlinda. Akikosea, hakuna wa kumsahihisha, kwa maana aliyelindwa ndiye aliyenyamazishwa. Lakini simpi mwanamuziki ruhusa ya bure. Tam alikwenda kwanza kwa watu wake, akakusanya barua, akasikiliza waliompinga, ndipo akasimama mbele ya majaji. Jina la tusi si mali ya msajili, wala si mali ya kijana mmoja mwenye gitaa. Ni la wale wote waliolibeba.

Hayo ndiyo niliyomjibu kijana yule. Nikamwambia: sheria yaweza kukukubalia au kukukatalia, na ukikataliwa una haki ya kuhoji sababu. Ila kabla ya kupanda basi la kwenda kwa msajili, nenda kwa wazee wako wenye fimbo pale mnadani uwaulize wataonaje wakilisikia jina hilo redioni, likitangazwa na Mwiraqw.

Alicheka, kisha akanyamaza. Akasema atarudi Katesh kwanza.

Mzee aliyenisahihisha alikwisha tutoka. Siku ile nilimwuliza nisemeje nikirudi hewani. Akasema, "Sema Wadatooga. Si neno refu." Jioni iliyofuata nilisema hivyo, nikaomba radhi mbele ya wasikilizaji, na hakuna aliyenilazimisha.